Jamaa wa Ihanda, supagluu na propela ya ndege
Kuna jamaa mmoja pale Ihanda, Karagwe, ana kindege cha rimoti cha betri, kakiunda kwa lile povu jeupe gumu linalokuja na TV mpya. Kinaruka freshi. Balaa ni kutua: kinaangukia kwenye migomba, propela inapasuka. Mpya inaagizwa mbali, na hela mpaka kahawa iuzwe. Jamaa akaona isiwe tabu, akapaka supagluu.

Sasa anayeshika kindege mota ikiwashwa ni mwanawe. Mama mtu akachachamaa: "Baba watoto, hicho kitu mtoto wangu hashiki!"

Na hakukosea. Propela ya inchi 9 ikizunguka mara 10,000 kwa dakika, ncha zake zinapita kilomita 400 kwa saa. Gundi ikiachia, kipande hakijui huyu mtoto wa nani. Hata isipoachia, upande wa gundi umeshakuwa mzito, mota inatetemeka mpaka inajiua.

Siku hizi iliyopasuka anaivunja kabisa, asije akashawishika tena. Mpya anaitundika kwanza kwenye sindano, upande unaoshuka anausugua kwa msasa mpaka itulie. Anaifunga maandishi yakitazama mbele, maana ukiigeuza nguvu inapungua sana. Tena kaibana kwa kipete cha mpira: ikigonga mgomba mpira unaachia, propela inapona.

Dogo bado anashika kindege, ila akiwa nyuma ya propela. Mama yuko mlangoni, kanga kiunoni, haondoki mpaka kiruke.