Sifuri Katika Kuzidisha

Katika mafundisho ya hesabu tunayowapa watoto wa madarasa ya chini, hakuna lililo fupi kulitaja na gumu kulieleza kama hili: hesabu yo yote ikizidishwa kwa sifuri, jawabu ni sifuri. Mwalimu aweza kulisema kwa pumzi moja, na darasa zima likalikariri kabla ya kengele kulia. Lakini kukariri si kujua, nasi tulio walimu twaliona jambo hili katika madaftari tunayoyasahihisha jioni.

Kosa lenyewe ni hili. Mtoto akiulizwa tano kujumlisha sifuri, hujibu tano, naye amesema kweli. Kisha akiulizwa tano mara sifuri, hujibu tano vile vile, maana amekwisha kuweka moyoni ya kuwa sifuri ni kitu kisichofanya kazi, hupita kama mgeni asiyeketi.

Mwaka mmoja mtoto wa darasa letu alisimama, akauliza kwa adabu: "Mwalimu, mimi nina embe tano. Nikizizidisha kwa sifuri, wasema jawabu ni sifuri. Basi, embe zangu amekula nani?" Wenzake wakacheka. Sisi hatukucheka, kwa kuwa swali lile lilikuwa na akili kuliko majibu ya wale waliokariri. Kama angaliambiwa, "Kaa kitako, ndiyo kanuni," angalikaa. Lakini asingaliuliza tena, naye angalitoka shuleni akidhani hesabu ni kiini macho cha kumnyang'anya mtu mali yake.

Tukamjibu, "Embe zako zi mkononi mwako, hapana aliyezila. Kuzidisha ni kuhesabu mafungu yaliyo sawa. Tuambie kwanza mafungu ni mangapi, na katika kila fungu mna nini."

Ndipo tukaliangalia neno la lugha yetu wenyewe, neno "mara". Mtu akienda sokoni mara 3, na kila mara akarudi na ndizi 5, ameleta ndizi 15. Akienda mara 2, ameleta 10. Akienda mara 1, ameleta 5. Watoto wakaona ya kuwa kila safari moja ikipungua, ndizi 5 hupungua. Je, asipokwenda hata mara moja? Darasa likanyamaza kidogo, kisha mwenye embe mwenyewe akajibu, "Hakuleta kitu." Tukaligeuza swali: na akienda mara 5, na kila mara akakuta soko tupu? Akajibu tena, "Amechoka miguu bure, hakuleta kitu." Basi mara 0 ya ndizi 5, na mara 5 ya ndizi 0, zote mbili ni sifuri, wala hapana embe ya mtu iliyopotea.

Wazee wetu walisema, haba na haba hujaza kibaba. Haba ni kidogo, lakini ni kitu. Mtu akimimina utupu ndani ya kibaba, hata akirudia mara mia, kibaba hakijai.

Wala tusiwaone watoto kuwa wazito, maana jambo hili liliwachelewesha watu wazima wa mataifa makubwa. Warumi waliandika hesabu zao kwa herufi, bila alama ya sifuri. Mwaka 628 Brahmagupta, mtaalamu wa Bara Hindi, aliandika kanuni za sifuri, na mojawapo ni hii tunayoifundisha. Hata yeye alijikwaa katika kugawanya, maana alisema sifuri ikigawanywa kwa sifuri ni sifuri, neno ambalo wataalamu wa leo hawalikubali. Katika karne ya 9 al-Khwarizmi wa Baghdad alieleza tarakimu za Kihindi, na mwaka 1202 Leonardo wa Pisa aliwaeleza watu wa Ulaya katika kitabu chake. Nasi neno letu sifuri tumelipata kwa Kiarabu, na maana yake ni tupu.

Labda msomaji atauliza, "Faida yake ni nini kijijini?" Na tutazame. Mkulima ana mistari 4 ya kupanda kahawa, na kila mstari wataka miche 203. Amtuma mwanawe aliyesoma apige hesabu. Mtoto asema 3 mara 4 ni 12, aandika 2, akumbuka 1. Kisha afika penye sifuri. Akijua ya kuwa 0 mara 4 ni 0, ataongeza ile 1 tu, na jawabu litakuwa 812. Akidhani ni 4, ataandika 5, na jawabu litakuwa 852. Baba atanunua miche 40 isiyo na mahali pa kupandwa. Fedha yake imekwenda, na mwana hajui ilipopotelea, maana alikariri vizuri sana.

Wazazi kadha wa kadha wametuambia ya kuwa twawachezesha watoto kwa vikapu na kokoto badala ya kuwafundisha. Twawasihi wavumilie. Vikapu 3 vitupu vikipangwa mbele ya mtoto, naye akaambiwa ahesabu mayai yaliyomo, hapati cha kubishia. Ameona kwa macho yake. Kanuni aliyoiona haimtoki, na kanuni aliyopigiwa kiboko humtoka pamoja na machozi.

Basi, mzazi, mtoto wako akirudi nyumbani akuulize swali linalokuchekesha, usimkemee. Mpe kikapu kitupu, umwulize mna nini ndani yake. Kisha umwulize na vikapu kumi vya namna ile vina nini. Akikujibu mwenyewe, hesabu hiyo ni yake siku zote.