Cowley na Sakafu ya Morris

Mwenye kuzuru Oxford asiishie kwenye vyuo; afike na Cowley, mtaa ambako Morris Minor ilianza kuundwa mwaka 1948. Gari hilo halina chasisi ya pekee: sakafu na bodi ndiyo mifupa yake. Chumvi imwagwayo barabarani wakati wa baridi huila sakafu hiyo, kama upepo wa bahari ulavyo mabati ya kwetu. Fundi mwangalifu, kabla ya kukata bati lililooza, huchomelea vyuma vya muda penye milango ili kuikaza bodi. La sivyo hupinda, na milango haifungi tena. Basi anunuaye gari kuukuu asidanganywe na rangi. Ainame, atazame chini, kwani juu ya sakafu hiyo ndipo watakapokaa watoto wake.