Kiambaza cha Kanisa la Partrishow

Nilipokuwa Cardiff, mji mkuu wa Wales, kwa mafunzo ya kazi za ofisi, mwenzangu mmoja wa darasani alinichukua siku ya Jumamosi tukalione kanisa la Mtakatifu Issui, mahali paitwapo Partrishow, katika Milima Myeusi. Nilitazamia jengo kubwa lenye mnara. Kumbe ni kanisa dogo la mawe, limekaa peke yake ubavuni mwa mlima, na njia yake ni nyembamba hata magari mawili hayawezi kupishana. Laiti lingekuwa kwetu, ningelidhania ni ghala.

Yasemekana Issui alikuwa mtawa aliyekaa bondeni karibu na chemchemi, akauawa na msafiri aliyemkaribisha. Ndani mna birika la jiwe la kubatizia. Maandishi yake ya Kilatini yasema alilitengeneza Menhir zamani za Genillin, nayo hukadiriwa kuwa ni karne ya 11. Ukutani mwa upande wa magharibi imechorwa mifupa ya mtu aliyesimama, ameshika mundu mrefu, sepetu, na chupa ya mchanga ya kupimia wakati. Wenyeji husema kwamba hata ikipakwa chokaa mara ngapi, hutokeza tena.

Lakini mimi sikupata kuondoka mbele ya kiambaza cha mbao kinachotenga patakatifu na mahali pa waumini. Kilichongwa kwa mwaloni yapata mwaka 1500, tena hakikupakwa rangi. Juu yake mna roshani, na mbao zake zimetobolewa kwa ustadi hata ungedhani ni kazi ya sindano. Kwenye boriti joka linatafuna mzabibu.

Mwaka 1550 wakubwa wa Uingereza waliamuru madhabahu za mawe zivunjwe, na mwaka 1561 Malkia Elizabeth I akaamuru roshani kama hii ziondolewe makanisani. Hapo Partrishow roshani ingaliko, na madhabahu mbili za mawe zimesimama mbele ya kiambaza, moja kila upande wa mlango. Mwenzangu alisema sababu ni umbali, amri hazikufika. Mimi ni karani. Barua ya amri hufika popote. Naona yumkini alikuwako mtu aliyeisoma, akaikunja, akaiweka chini ya barua nyingine.

Nilisema hivyo kwa mzaha, kisha nikanyamaza, maana mimi sikufanya kama mtu huyo.

Baba yangu alikuwa seremala. Mimbari ya kanisa letu la kwanza aliichonga yeye kwa mti wa mvule, na ubavuni akatia majani ya mgomba, kwa kuwa mzabibu hakupata kuuona. Tulipojenga kanisa jipya la mawe, kamati ilikata shauri mbao zote za zamani ziuzwe. Mwandishi wa kamati nilikuwa mimi. Niliandika shauri lile kwa hati nzuri, nikatia sahihi. Jioni nilimwambia baba. Akauliza, “Wameuza kwa bei gani, mwanangu?” Nikamtajia. Akasema, “Haya,” akaendelea kunoa patasi yake. Hakulitaja tena hata alipofariki.

Pale Partrishow, mlinzi aliponiruhusu, niligusa kiambaza kwa kidole. Nyuma, mahali pasipoonekana na watu, alama za patasi zingalipo, fupi fupi, kama zile nilizokuwa nikizihesabu utotoni chini ya meza ya baba.

Niliporudi nyumbani nilianza kuuliza nyumba kwa nyumba. Nyingi za mbao zile zilikwisha pikiwa. Mama mmoja mzee alinipeleka uani kwake, akanionyesha mlango wa banda la kuku: ubao mmoja, majani mawili ya mgomba, na nusu ya la tatu. Nikamwambia, “Mama, nitakutengenezea mlango mwingine.” Akataka kwanza auone huo mlango mpya. Nimekwisha nunua mbao. Patasi ni zile zile za baba, na mikono yangu haijazizoea.