Maharage ya Mlimani

Vitabu vyetu vya shule vilisema maji huchemka kwa nyuzi joto 100. Hesabu hiyo ni sahihi ukiwa Mombasa, ufukweni. Jinja na Mbale ziko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na huku maji huchemka kwa takribani nyuzi 96. Ukiupanda Mlima Elgon kutoka Mbale hadi mita 2,000 hivi, kwa akina baba yangu, huchemka kwa nyuzi 93 tu.

Mama ni mtu wa Jinja. Alipoolewa mlimani aliinjika maharage saa ile ile aliyozoea kwao, chakula kikachelewa. Shangazi zangu wakasema ni mvivu wa kuchochea moto. Akaongeza kuni, na kuni za kule hubebwa kichwani. Sufuria ikafoka, maji yakakauka, maharage yakabaki magumu.

Molekuli za maji hushikana huku zikitikisika, na joto ndilo mtikisiko wenyewe. Zenye kasi kubwa hujinasua zikawa mvuke. Lakini hewa nayo ina molekuli zake, na hizo huugonga uso wa maji bila kukoma. Mvuke unapopata nguvu ya kushindana na mgandamizo huo, mapovu huumka ndani kabisa ya maji. Huko ndiko kuchemka. Mlimani molekuli za hewa ni chache, hivyo maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha kulainisha maharage upesi. Tangu hapo, kila ukuni unaoongezwa huzitoa molekuli nje tu. Mama angechochea hadi alfajiri, joto la maji lingebaki lile lile.

Ajabu ni kwamba viwanda vya sukari, kama kile cha Kakira karibu na Jinja, huitafuta hali hiyo kwa makusudi. Hewa hupunguzwa ndani ya mitungi ya kuchemshia ili shira ichemke kwa joto dogo, isiungue. Ni kama kujenga mlima ndani ya chuma!

Maharage yanataka kinyume chake: sufuria inayofungwa kabisa, mvuke ujigandamize humo. Sufuria hizo ni ghali. Asiyekuwa nayo ayaloweke usiku kucha, molekuli za maji zipenye kabla ya moto, na chemko likianza aondoe kuni mbili, afunike.