Mjomba Ndani ya Ngome ya Yesu

Lipangalala, Ifakara, 5 Julai 2025

Mpunga umeshaingia ghalani, tuko huru. Shemeji amekuja na Coaster yake iliyong'olewa viti: mna vitanda, jiko la gesi, pipa la maji na neti kila dirisha. Tutalala humo humo hadi Mombasa. Mjomba naye kapanda. Amestaafu Jeshi la Magereza, na katika Mombasa yote ameomba kitu kimoja tu, aione Ngome ya Yesu kwa kuwa iliwahi kuwa gereza.

Tulipofika Kiberege, penye gereza, alimwomba Shemeji apunguze mwendo. Wafungwa walikuwa wakitoka shambani na sare zao za rangi ya chungwa. Mjomba akawahesabu kwa midomo, bila sauti, mpaka wa mwisho.

Segera, 6 Julai

Mikumi, Morogoro, Chalinze, sasa hapa. Malori yamenguruma usiku kucha.

Mombasa, 8 Julai

Tumevuka Likoni na feri, gari na vitanda vyake, nikakumbuka pantoni la Kilombero kabla ya daraja.

Wageni wengine ngomeni walikimbilia mizinga. Mjomba alibaki langoni, akatazama juu, kushoto, kulia. "Unaona, mjomba," akaniambia, "mlango ni huu mmoja. Ukisimama hapa hakuna atakayetoka bila kuhesabiwa." Tukapanda ukutani. Mimi naona bahari. Yeye anatafuta mahali ambapo mlinzi wa zamu ya usiku asingeweza kuona.

Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kwa mchoro wa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani waliizingira tangu 1696 hadi 1698, wakaitwaa. Hayo kila mtoto wa shule wa Mombasa anayajua. Waingereza waliigeuza gereza mwaka 1895, na ikabaki gereza hadi 1958. Miaka 63! Watu walizaliwa, wakaoa na kuwa mababu, na lango lile bado linafungwa jioni kwa nje.

Mjomba aliuliza maswali ya kazi yake. Walilala wapi? Chakula kilipikiwa wapi? Wagonjwa waliwekwa wapi? Sikuweza kumwonyesha. Wafungwa walipoondoka, ngome ilikarabatiwa kwa fedha za Mfuko wa Gulbenkian wa Ureno, James Kirkman akachimbua ya kale, na majengo ya gereza yakaondolewa. Makumbusho yalifunguliwa 1962. Naelewa kwamba mchimbuaji alizitaka kuta za kale zilizofunikwa. Lakini michoro ya Wareno ipo hadi leo, merikebu na makanisa yaliyochorwa kwa mkaa na udongo mwekundu na watu waliochoshwa na zamu, nasi tunaitazama kwa heshima. Kama mfungwa wa 1930 alichora mashua yake ukutani mwa selo, mchoro ulikwenda na selo.

Na hao wafungwa hawakuwa wezi na wauaji peke yao. Katika Kenya ya mkoloni mtu alifungwa kwa kukutwa bila kipande, yaani kitambulisho cha lazima, au kwa kumtoroka mwajiri kabla mkataba haujaisha. Kibarua aliyekimbia shamba la mkonge angeweza kulala chumba kimoja na mnyang'anyi. Mjomba alinyamaza niliposema hivyo. Kisha akasema kwamba askari hapewi sababu, anapewa idadi.

Tanga, 10 Julai

UNESCO iliiingiza ngome hii katika urithi wa dunia mwaka 2011, na inastahili. Bado ninataka jambo moja: rejista za gereza, popote zilipo, zisomwe, na majina yaandikwe ukutani, jina, kosa, miaka, kama tunavyoandika majina ya manahodha na magavana.

Nilimwambia Mjomba. Akasema nianze nyumbani, maana magereza ya Kiberege na Idete yana wazee waliolinda na wazee waliofungwa, na wote wanazeeka Ifakara. Tumekubaliana Jumapili baada ya kurudi. Yeye atazungumza na walinzi. Waliofungwa nitawafuata mimi, kwa sababu mbele yake hawatasema.