Akiba ya Mwanamaji

Mwanamaji aondokapo bandarini humwachia mkewe ahadi, lakini ahadi hainunui unga. Mwaka 1933, mabenki mengi ya Marekani yalipokuwa yakifungwa, watumishi saba wa Idara ya Jeshi la Majini waliunganisha akiba zao wakaanzisha chama, ambacho leo huitwa Navy Federal. Afunguaye hesabu ya akiba huweka dola 5. Fedha hizo si ada, bali ni hisa yake. Kwa hiyo yeye si mgeni mlangoni, ni mmoja wa wenye nyumba. Hata akiacha jeshi, uanachama wake haukomi maadamu hisa hiyo haiondoi. Mkewe naye aweza kujiunga. Na mke mwenye hesabu hangoji meli irudi ndipo ainjike chungu.