Bakuli la Kidakani

Mnamo Aprili 2014, katika mnada wa Sotheby's uliofanyika Hong Kong, kikombe kidogo cha Kichina chenye michoro ya kuku, kazi ya enzi ya Chenghua (1465–1487), kiliuzwa kwa takriban dola milioni 36 za Marekani. Msomaji wa Al-Inkishafi hawezi kuisikia habari hiyo asiikumbuke Pate, ambako Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anatuonyesha zidaka zilizopangwa sahani zikiwa makao ya ndege.

Kwetu Lamu, bibi yangu mzaa mama amelihifadhi bakuli moja la kauri. Mnunuzi amekwisha kubisha hodi mara mbili, na bei aliyoitaja ingetosha karo yangu ya uzamili. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 huzuia vitu vilivyoletwa nchini kabla ya 1895 visipelekwe ng'ambo bila kibali. Uhitaji wa mwenye chombo haina dawa yake.

Orodha ya mnada hutaja enzi, kimo na bei. Harusi zilizopakuliwa chomboni humo hujulikana na bibi pekee, naye amekataa kuuza. Namuunga mkono, ingawa karo ya muhula huu bado nadaiwa.